KILIMA CHA SALAITA: MAKAVAZI, LUGHA NA KUMBUKUMBU YA VITA

Utangulizi
Neno makumbusho lina asili yake katika kitenzi kumbuka, ambacho katika kauli ya kutendesha huwa kumbusha. Kwa hiyo makumbusho, ambayo wengi wetu hapa Kenya huyaita makavazi, si ghala la vitu vikuukuu tu. Ni mahali panapomfanya mtu akumbuke. Swali linalozuka ni hili: hutufanya tumkumbuke nani? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea uwanja wa vita wa Taita-Taveta.

Pigano lenyewe
Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Taveta ilikuwa mpakani mwa himaya ya Waingereza na ile ya Wajerumani. Mnamo Agosti 1914, Wajerumani waliuteka mji huo, na baadaye wakajenga ngome Salaita, kilima kidogo kilichochomoza katika nyika tambarare upande wa mashariki. Waingereza nao waliijenga reli kutoka Voi na kulaza bomba la maji, kwani nyika ile ilikuwa kame.

Tarehe 12 Februari 1916, Brigedia Jenerali Malleson aliwatuma wanajeshi wa Afrika Kusini kukishambulia kilima hicho. Mizinga ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, yamefichwa vichakani. Waliokuwa mahandakini, wengi wao askari Waafrika chini ya maafisa wa Kijerumani, waliwarudisha nyuma wavamizi hao. Kati ya wanajeshi wale wageni walikuwamo walioamini kwamba mtu mweusi hawezi kustahimili vita dhidi ya mzungu. Imani hiyo iliporomoka siku moja. Isitoshe, Wabaluchi wa jeshi la India, ambao pia walikuwa wakidharauliwa, ndio waliowakinga walipokuwa wakirudi nyuma. Kilima kilitwaliwa Machi mwaka huo huo, baada ya Wajerumani kukihama wasije wakazingirwa.

Yanayoonekana na yasiyoonekana
Anayezuru eneo hilo leo huona alama za mahandaki kilimani. Katika hoteli moja ya Taita Hills mna makavazi madogo yanayohusu vita hivyo. Huko Taveta na Voi, mawe ya makaburi ya kijeshi yamepangwa safu kwa safu, yakiwa na majina na vikosi.

Hata hivyo, mgeni akisoma majina hayo hawezi kujua ni nani aliyebeba risasi, maji na chakula reli ilipokomea. Mzigo huo uliwaelemea wapagazi wa Carrier Corps. Mwaka 1915, serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoiwezesha kuwachukua kwa nguvu. Waliokufa wanakadiriwa kufikia takribani 100,000 kwa upande wa Waingereza pekee, wengi wakiuawa na kuhara damu, malaria na nimonia kuliko risasi. Unga wa mahindi uliopikwa bila kuiva uliwadhuru wengi, hasa waliotoka katika jamii zisizouzoea. Mnamo 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, au pengine hawakuadhimishwa kabisa.

Kumbukumbu iliyomo katika lugha
Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana la kusema. Jina Carrier Corps lilitamkwa na wenyeji kwa matamshi yao, likawa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Konsonanti za mwisho zilidondoshwa au kurekebishwa ili neno lifuate mkondo wa lugha. Wanaofika katika masoko hayo kila siku hulitaja jeshi la wapagazi bila kujua. Sanamu ya askari jijini Nairobi, iliyosimamishwa miaka ya 1920, ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na mmoja wa watu wake watatu ni mpagazi. Lakini sanamu haina jina la mtu. Wafu waliokosa jiwe la kaburi wamehifadhiwa na neno, ingawa neno nalo limewahifadhi kwa jumla tu.

Hitimisho
Imebainika kwamba makavazi hukumbusha kwa kuchagua. Ni wajibu wetu kukusanya masimulizi ya wazee, majina ya ukoo na nyimbo za familia zilizopoteza wapagazi, kwani wajukuu waliosikia habari hizo kutoka kwa wenyewe wanazidi kupungua. Aliyesema mgala muue na haki umpe alijua kwamba hata adui ana haki yake; sembuse babu zetu?

Maswali ya kujadili
1. Ukizuru makavazi yaliyo karibu nawe, ni nani wanaotajwa kwa majina, na ni nani wanaotajwa kwa idadi tu?
2. Eleza mabadiliko ya kifonolojia yaliyolikumba jina Carrier Corps hadi likawa Kariakoo.
3. Taja majina mengine ya mahali yanayohifadhi historia ya vita katika eneo lenu.