Mtoto Mdogo Hujifunzaje Kuwafaa Wenziwe?

Somo letu hili ni katika mlango wa malezi, nalo lahusu jambo ambalo wazazi wengi hulilalamikia na wachache huliuliza asili yake. Katika kila baraza twasikia ya kuwa vijana wa siku hizi hawafai. Mama apanda ngazi na mtungi wa gesi, naye mwanawe wa miaka 18 amejinyosha sebuleni na simu yake mkononi, wala hainuki. Babu ashikwa na maradhi, wajukuu waja kumtazama kama wageni, wasijue hata kumshika mkono kumpeleka msalani. Kisha husemwa, "Ndio ulimwengu huu." Sisi twasema kuwa ulimwengu una sehemu yake, lakini sehemu iliyo kubwa ni yetu sisi walezi. Kwani huyo asiyeinuka leo aliwahi kuinuka, tena kwa furaha, kabla hajatimiza miaka miwili. Na sisi ndio tuliomwambia akae.

Mbegu imo ndani ya mtoto

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Felix Warneken na Michael Tomasello, walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Waliwachukua watoto 24 wa umri wa miezi 18, na mbele yao mtu mzima akawa afanya kazi zake. Alipokuwa akianika nguo, kibanio kilimponyoka kikaanguka mbali na mkono wake. Mtoto akaenda akakiokota, akampa. Mara nyingine mtu yule alilijia kabati hali mikono yake imejaa majarida, akawa ajigonga mlangoni. Mtoto akaja akamfungulia. Katika watoto hao 24, watoto 22 walisaidia angalau mara moja. Hawakuahidiwa kitu, wala hawakushukuriwa, na mara nyingi hawakuombwa hata kwa neno.

Lililo zuri zaidi ni hili: mtu yule alipokitupa kibanio kwa kusudi, watoto kwa kawaida walikiacha palepale. Basi si kwamba mtoto apenda kuokota vitu tu. Mtoto wa miezi 18, ambaye hajui kusema maneno mengi, alikwisha kupambanua baina ya aliyeangukiwa na kitu na aliyekitupa. Alifahamu haja ya mwenziwe, na baada ya kuifahamu alisukumwa na moyo wake kuitimiza. Mambo mawili haya, kuona haja na kuitikia, ndiyo shina la tabia zote njema za kuishi na watu.

Maulamaa wetu hawakulighafilika hili. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kuwa moyo wa mtoto ni amana kwa wazazi wake, nao ni johari safi yenye kukubali kila inachochorwa. Basi na tujiulize, sisi twachora nini?

Kila umri na ngazi yake

Tabia hizi haziji kwa siku moja. Mtoto afikapo mwaka mmoja huanza kuonyesha kwa kidole kitu ambacho mtu mzima akitafuta, na huo ni msaada wake wa kwanza wa kutoa habari. Katika mwaka wa pili huokota, hufungua na hubeba. Akaribiapo miaka miwili, akimwona mama analia humletea mwanasesere wake, kwa kuwa yeye hupima huzuni ya watu kwa kipimo chake mwenyewe. Tusimcheke, huo ni mwanzo wa huruma, na kipimo kitanyooka baadaye.

Kugawa alicho nacho ni ngazi ya juu zaidi. Mwaka 2008 Ernst Fehr na wenziwe walitangaza uchunguzi wa watoto wa Uswisi waliopewa kuchagua namna ya kugawa peremende baina yao na mtoto mwingine. Wengi wa wale wa miaka mitatu na minne walijipendelea nafsi zao. Wengi wa wale wa miaka saba na minane walichagua sawa kwa sawa. Basi mzazi asimpachike mtoto wa miaka mitatu jina la mchoyo mbele ya wageni. Mkono wake wa kusaidia hutangulia, na mkono wake wa kutoa hufuata.

Kukua kwataka kazi

Mbegu bila ya maji hufa. Maji ya mbegu hii ni nini? Jawabu moja lilipatikana katika nchi yetu hii. Baina ya miaka ya 1954 na 1956 uchunguzi uliosimamiwa na John Whiting na mkewe Beatrice ulianzishwa katika jamii sita za dunia: Wagusii wa Nyansongo hapa Kenya, na jamii nyingine za Mexico, Ufilipino, Japani, India na Marekani. Watoto waliangaliwa majumbani na michezoni mwao, na kitabu cha matokeo kikatoka mwaka 1975. Watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliozidi katika kuwahudumia na kuwajali wengine. Watoto wa Marekani walikuwa miongoni mwa waliozidi katika kutaka kuangaliwa wao. Waandishi waliiona sababu katika kazi. Mtoto wa Nyansongo alibeba mdogo wake, aliteka maji, alichunga ng'ombe, naye alijua kuwa asipofanya, nyumba itakosa. Mtoto wa Marekani aliambiwa apange chumba chake mwenyewe na vitu vyake mwenyewe.

Basi kazi inayomfunza mtoto kuwafaa watu ni ile ambayo manufaa yake yawafikia watu. Kumwambia akusanye vichezeo vyake ni vyema, lakini hakutoshi. Mpe pia kijiko akiweke mbele ya babu yake.

Na wavulana je?

Hapa pana ugonjwa mkubwa wa miji yetu. Msichana wa miaka sita huchambua mchele, hufagia ua, huosha vikombe. Kaka yake wa miaka kumi huletewa sahani na akaondolewa sahani. Mwaka 1973 mtaalamu Carol Ember aliandika juu ya wavulana wa Kijaluo aliowachunguza hapa Kenya. Baadhi yao walikuwa katika nyumba zisizokuwa na dada wa kutosha, wakapewa kulea wadogo, kuteka maji na kazi za jikoni. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, na mwendo wa kujali watu ulio mkubwa zaidi.

Atakayesema kuwa kazi ya nyumba yamvunjia mwanamume heshima, na amkumbuke Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Bibi Aisha alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika akatoka kwenda kusali. Ni nani katika sisi aliye na heshima ya kuizidi hiyo?

Tusiununue wema wa mtoto

Wazazi wengi husema, "Niletee maji nikupe peremende." Mwaka 2008 Warneken na Tomasello walitangaza uchunguzi mwingine, wa watoto wa miezi 20. Wengine walipewa kichezeo kila waliposaidia, wengine walisifiwa kwa maneno, na wengine hawakupata kitu. Baadaye malipo yalipoondolewa, waliozoeshwa kulipwa walisaidia kwa uchache kuliko wale ambao hawakupata kitu. Ujira uliwafunza kuwa kusaidia ni biashara. Na mfanyabiashara asipoona faida hufunga duka.

Neno la shukrani halikudhuru namna hiyo. Basi mwambie mwanao athari ya alilofanya: "Umemshikia bibi bakora, naye amevuka salama." Hapo huiona faida mahali pake, nayo ni raha ya mwenziwe.

Mwendo wa kufuata

Kwanza, usimfukuze. Mtoto wa miaka miwili ajapo jikoni akashika ufagio ulio mrefu kuliko yeye, ulimi hutangulia: "Toka, wanisumbua!" Akifukuzwa leo na kesho na keshokutwa, hufahamu kuwa kazi ya nyumba si yake. Akitimia miaka kumi tukimwita, yeye hutenda tulivyomfunza.

Pili, mpe kazi ya kweli iliyo sawa na nguvu zake: kushika pembe ya mkeka unapokunjwa, kukupa vibanio uanikapo, kutenga vitunguu na viazi. Mwezi wa Ramadhani mpeleke pamoja na kaka yake kwa jirani na sahani ya futari. Hapo hujifunza kubisha hodi, kuamkia, kutoa na kurudi na salamu. Masomo manne katika safari moja.

Tatu, zungumza naye juu ya nyoyo za watu. Mwulize, "Waona mwenzio analia, wadhani ana nini? Tumfanyie nini?" Imeonekana kuwa watoto wadogo ambao wazazi wao huwataka waeleze hisia za watu waliomo katika picha za vitabu husaidia na kugawa zaidi.

Nne, sahihisha kwa upole. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utoto wake, naye akasimulia kuwa hakumkemea hata mara moja kwa alilofanya wala kwa aliloacha kulifanya. Nasi kikombe kimoja kikivunjika, mtaa mzima husikia.

Huenda mtu akauliza, "Huku si kumtumikisha mtoto?" Twajibu: hapana, madamu kazi haimwondoi shuleni wala madrasa, haimpokonyi mchezo na usingizi wake, wala haimsogezi kwenye moto na mafuta. Mwingine atasema kuwa mtoto huharibu na kuchelewesha kazi. Ni kweli. Mchele utamwagika, na kazi ya dakika kumi itakwenda nusu saa. Lakini nusu saa hiyo ndiyo ada ya shule, na aliyekataa kuilipa mtoto akiwa na miaka miwili ataidaiwa akiwa na miaka 18, pamoja na riba ya machungu. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Kazi ya darasa letu wiki hii ni moja. Kila mzazi achague kazi moja ya kweli ya nyumba, amwachie mtoto wake mdogo kwa siku saba, mvulana kwa msichana, bila ya ujira na bila ya makemeo. Kisha aje atueleze aliyoyaona, ili tufaidike sote.

Wabillahi ttawfiq.