Kabla ya kumwaga mchanga wa kalibu shambani

Mchanga mweusi unaotupwa na viwanda vya kusubu vyuma huuzwa bei chee, pengine hutolewa bure, na mwenye bonde la kujaza huuchangamkia. Asili yake kwa kawaida ni silika. Kinachotia shaka ni vilivyochanganywa nao ili ushikane: udongo wa bentoniti na unga wa makaa ya mawe, au resini za fenoli, pamoja na chembe za metali iliyomiminwa humo. Vumbi linalonaswa kwenye vichujio vya tanuri usilijaribu wala kulipokea. Huweza kubeba zinki, risasi na kadmiamu kwa wingi.

Mchanga wenyewe unaweza kuupima kwa mbegu. Vaa glavu, chota sehemu mbalimbali za rundo, juu na chini, kisha changanya. Tia gramu 100 kwenye lita moja ya maji, tikisa kila upatapo nafasi kwa saa 24, halafu chuja. Tandika karatasi ya kuchujia kwenye sahani tatu: ya kwanza uiloweshe kwa maji safi, ya pili kwa maji ya mchanga, ya tatu kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Panga mbegu 20 za haradali au saladi kila sahani, funika, weka gizani penye joto la nyuzi 25 hivi kwa siku tatu.

Wengi huhesabu zilizoota na kuishia hapo. Lakini mbegu huota kwa akiba yake yenyewe, hata penye sumu. Mzizi ndio unaoumia kwanza. Chukua rula. Tuseme mbegu 18 zimeota kwenye maji safi na 18 kwenye maji ya mchanga, ila mizizi ya kwanza ina wastani wa milimita 40 na ya pili 16. Uotaji ni sawa, mzizi ni asilimia 40 tu ya unaotakiwa: hapo pana tatizo. Tazama pia ncha. Ikiwa ya kahawia na mzizi hauna vinyweleo, umeungua. Pima na pH, kwani mchanga uliogandishwa kwa silikati ya sodiamu huwa na alkali, na hiyo peke yake hudumaza mmea.

Mizizi ikirefuka vizuri, bado usipande mchicha. Risasi hung'ang'ania chembe za udongo, haiyeyuki kirahisi majini, na kadmiamu huweza kupanda hadi majani bila mmea kuonyesha dalili. Hayo huonekana maabara tu, kwa kupima jumla ya metali. Tathmini ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, ya mwaka 2014 iliukubali mchanga wa silika wa viwanda vya chuma, chuma cha pua na alumini kwa baadhi ya matumizi ya udongo. Ule wa shaba nyeusi na shaba nyeupe haikuuingiza. Kwa hiyo muulize kwanza dereva anayeuleta: kiwanda kinasubu nini?