Kuulinganisha Mwili na Vazi Katika Dunia ya Kompyuta

Wanafunzi wengi wa shule yetu, na hata ndugu zetu waliokwisha kuondoka hapa, wameziona zile dunia za kompyuta ambamo mtu huongoza umbo lililo mfano wa mwanadamu. Umbo hilo huitwa avata. Avata hutembea, huketi, hucheza ngoma, na huvaa nguo zilizotengenezwa humo humo. Lakini ni wachache waliojiuliza kwa nini avata mmoja huonekana amevaa nguo kweli, na mwingine huonekana kama sanamu iliyopakwa rangi. Au, vibaya zaidi, mwili wake hutikisika ovyo na kutokeza nje ya nguo.

Makusudi ya makala hii ni kueleza sababu yake, na kuonyesha ya kwamba dawa yake imo katika fizikia ile ile tufundishwayo darasani. Mifano yangu itakuwa gomesi, kanzu na lubugo, kwa maana ndizo nguo tuzionazo hapa Kampala kila panapokuwa na kwanjula au arusi.

1. Mwili ni uzito ulioning'inia katika springi

Tuanze na kanuni ya Hooke. Ukiivuta springi, nguvu ya kuirudisha huongezeka kwa kadiri ya urefu ulioivuta. Twaandika F = kx, na k ndiyo ugumu wa springi. Sasa mtazame mtu anayeruka. Mifupa yake hupanda kwanza. Tumbo na kifua hufuata baadaye kidogo, hupita mahali pake, kisha hurudi. Ndivyo ufanyavyo uzito ulioning'inizwa katika springi.

Dunia iitwayo Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani, iliongezewa kanuni hii mwaka 2011. Tangu hapo mwenye avata aweza kupanga mwendo wa kifua, wa tumbo na wa makalio. Hupewa vipimo kadha wa kadha, na vikubwa ni hivi: mwisho wa mtikisiko, ugumu wa springi, mvutano wa ardhi, ukinzani wa hewa, na kiasi cha kuutuliza mwendo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona mwili unatikisika mno, huongeza ugumu wa springi peke yake. Hebu tupige hesabu. Muda wa mtikisiko mmoja ni T = 2π√(m/k). Tuseme tungamo m ni kilo 0.2, na k ni nyutoni 20 kwa mita. Basi m/k ni 0.01, kipeuo chake ni 0.1, na T ni sekunde 0.63. Ukiiongeza k mara nne iwe 80, T huwa sekunde 0.31. Maana yake mwili haukutulia. Umeanza kutetemeka kwa haraka maradufu.

Kinachotuliza ni kile kipimo cha mwisho, tukiite c. Ili uzito urudi mahali pake upesi bila ya kupitiliza, yapasa c iwe 2√(mk). Kwa k ya 20 jibu ni 4. Kwa k ya 80 jibu ni 8. Basi kila uongezapo ugumu hapana budi uongeze na utulizo. Vipimo vya Second Life havikuandikwa kwa nyutoni, lakini desturi ya mwendo ni ile ile.

2. Nguo ni springi nyingi zilizofumwa pamoja

Nguo nayo ina kanuni yake. Kompyuta huifanya kama wavu wa nukta nyingi, na kila nukta imefungwa kwa jirani zake kwa springi. Ziko springi za kuzuia uzi usivutike, ziko za mshazari zinazozuia miraba isipinde upande, na ziko za kuzuia kukunjika. Hariri hukunjika kwa urahisi; ngozi haikunjiki ovyo.

Jambo hili lilikuwa zito kwa kompyuta za zamani. Mwaka 1997 kampuni ya Pixar ilitoa filamu fupi iitwayo Geri's Game, juu ya mzee anayecheza sataranji peke yake, na koti lake lilitembezwa kwa hesabu za namna hii. Mwaka 1998 wataalamu David Baraff na Andrew Witkin walieleza njia ya kuzipiga hesabu hizo kwa hatua kubwa za muda bila ya nguo kuparaganyika.

Leo mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta ya kutosha aweza kuyajaribu haya kwa programu ya Blender, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure. Ndani yake mna vipimo vilivyokwisha kupangwa vya vitu vitano: pamba, denim, ngozi, mpira na hariri. Tungamo la hariri limewekwa 0.15, la pamba 0.3, la denim 1. Ugumu wa kukunjika wa hariri ni 0.05, wa pamba 0.5, wa denim 10. Tazama tofauti hiyo: denim ni ngumu kukunjika mara mia mbili kuliko hariri. Lakini katika orodha hiyo lubugo hakuna.

3. Mahali penye shida yenyewe

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Katika maisha, nguo huusukuma mwili na mwili huisukuma nguo. Mtu akikaza mshipi, tumbo hutulia kwa sababu mshipi umelishika. Katika filamu, kompyuta yaweza kukaa usiku kucha ikipiga hesabu ya picha moja moja. Lakini katika dunia ambamo watu wengi huingia pamoja kwa wakati mmoja, hakuna nafasi ya hesabu nyingi hivyo. Kwa hiyo nguo hufungwa kwenye mifupa ya avata: kila nukta huambiwa ifuate mfupa gani, na kwa sehemu gani. Nguo hiyo haiwezi kuubana mwili hata kidogo. Mshipi ni picha ya mshipi tu.

Ndiyo sababu ni juu yetu kuulinganisha mwili na vazi kwa mkono. Kazi ambayo katika maisha hufanywa na kitambaa, hapa yafanywa na mtu anayepanga vipimo. Asipoifanya, mwili chini ya nguo utakwenda kama mwili usiovaa kitu.

Dawa ni tatu, na mara nyingi hutumika pamoja. Ya kwanza ni kuificha ngozi iliyo chini ya nguo, isionekane hata ikipita. Ya pili ni kuipa nguo sehemu zile zile za mwendo alizopewa mwili mahali hapo, ili viende pamoja. Ya tatu ni kupunguza mtikisiko wa mwili kwa kadiri vazi lenyewe lingalivyoubana.

4. Gomesi, kanzu na lubugo

Gomesi. Husimuliwa ya kwamba jina hili latokana na fundi Mgoa aitwaye Gomes, aliyewashonea wasichana wa Gayaza, shule iliyofunguliwa mwaka 1905. Ni vazi refu lifikalo chini, shingo yake ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, na mabega yaliyosimama kwa ncha. Kitambaa chake chaweza kufika mita sita. Mshipi mpana hufungwa kiunoni, na ndani wanawake hufunga kikoyi ili kitambaa cha nje kisigande mwilini.

Basi vipimo vyake viwe hivi. Tumbo na nyonga, ambazo mshipi umezishika, ziwekewe mwisho wa mtikisiko ulio karibu na sifuri, na utulizo mwingi. Kifua kiruhusiwe mwendo mdogo wa polepole, kwa kuwa hapo kitambaa kimelegea, lakini nguo ipewe mwendo ule ule. Mabega yenye ncha yafungwe kwenye mfupa kabisa. Mabega ya gomesi yakiyumba, si gomesi tena. Kikoyi hakina haja ya kutengenezwa. Yatosha kuzinenepesha nyonga kidogo, maana ndivyo kikoyi kifanyavyo. Mwisho, hatua za avata zifupishwe. Hakuna mama anayetembea na gomesi kwa hatua za mchezaji wa mpira.

Kanzu. Hii huning'inia kutoka mabegani, haina mshipi. Mwanamume akivaa koti juu yake, sehemu ya juu huwa ngumu na sehemu ya chini huwa huru. Kifua kiwekewe sifuri, tumbo kidogo sana. Pindo la chini ndilo lenye haki ya kucheza, tena lichelewe nyuma ya hatua, kwa kuwa ni refu na halikushikwa na kitu.

Lubugo. Nguo hii hupatikana kwa kugonga gome la mti wa mutuba kwa nyundo za mbao mpaka lipanuke. UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake. Lubugo haikufumwa, kwa hiyo haina uzi wa kwenda wala wa kukata. Haivutiki kama pamba, na mikunjo yake ni mipana. Anayeifanya kwa vipimo vya pamba atapata shuka ya rangi ya kahawia, hatapata lubugo.

Baada ya kupanga, jaribu mambo matatu: avata atembee, apige magoti kusalimu, na aketi mkekani. Kutembea peke yake hakutoshi. Dunia nyingi za kompyuta zilipangwa kwa watu wanaosimama na kukaa vitini, na kasoro za gomesi hujitokeza pale magoti yagusapo chini.

5. Kupima vitambaa vyetu

Tutavipata wapi vipimo vya nguo zetu? Tuvipime wenyewe. Mwaka 1930 mtaalamu F. T. Peirce wa Manchester alieleza njia ambayo hata maabara yetu yaiweza. Kata kipande chembamba cha kitambaa, upana wake sentimita 2.5 na urefu wake sentimita 20. Kilaze juu ya ubao, kisha kisukume polepole kipite ukingoni. Kitainama. Ncha yake ikifika kwenye mstari ulioshuka kwa nyuzi 41.5 kutoka usawa wa ubao, simama, pima urefu uliopita ukingo, ugawanye kwa mbili. Huo ndio urefu wa mkunjo. Kitambaa kigumu huenda mbali kabla ya kuinama; kitambaa laini huanguka mapema.

Kwa uzito, kata mraba wa sentimita 20 kwa 20, upime kwa gramu, uzidishe kwa 25. Jibu ni gramu kwa kila mita ya mraba. Kipande kikiwa na gramu 6, kitambaa kina gramu 150. Mabaki ya kujaribia hayana ghali. Mafundi wa cherehani wa Kiyembe huyatupa kila jioni.

6. Kwa nini tujisumbue

Pengine msomaji atasema huu ni mchezo wa watoto. Mimi sioni hivyo. Watoto wengi watalijua vazi la bibi zao katika kioo cha kompyuta kabla ya kulijua arusini. Wakimwona mama aliyevaa gomesi mwili ukimrukaruka kama aliyevaa nguo ya kuogelea, watajifunza ya kwamba vazi hilo ni kichekesho. Gomesi ni vazi la heshima, na heshima yake imo katika mwendo kuliko rangi. Hatuwezi kuwalaumu wageni kwa kutojua uzito wa lubugo kama sisi wenyewe hatujaupima wala kuuandika.

Tena kazi ipo. Mwaka 2017 studio ya Creatures ya hapa Kampala ilitoa filamu ya katuni iitwayo A Kalabanda Ate My Homework, na mwaka 2023 Raymond Malinga wa studio hiyo aliongoza Herderboy, moja ya filamu fupi za mkusanyo wa Kizazi Moto ulioonyeshwa duniani na Disney. Basi si kweli kwamba mambo haya hufanywa ng'ambo tu.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa fizikia tuanzishe daftari la vipimo: gomesi ya pamba, gomesi ya hariri, kanzu, lubugo, na kila kitambaa tutakachopata. Nanyi ndugu zetu mliotutangulia, hasa mlio katika biashara ya nguo au kazi ya kompyuta, tupelekeeni vipande na maarifa. Daftari likijaa, kila mwanafunzi atakayekuja baada yetu ataanzia pale tulipoishia.

Maswali ya kujipima

(a) Tungamo ni kilo 0.5 na k ni nyutoni 50 kwa mita. Tafuta T, kisha tafuta c inayofaa.
(b) Fundi ameongeza k mara tisa na hakuigusa c. Eleza mwili wa avata utaonekanaje.
(c) Panga vipimo vya mwili wa avata aliyevaa kanzu bila koti. Ni kipi kitakachobadilika, na kwa nini?

Mwanafunzi wa Senior 6