Udhibiti wa Mwanga na Joto katika Chumba cha Nyoka wa Kukamuliwa Sumu

Dawa ya kutibu sumu ya nyoka huanzia kwa nyoka mwenyewe. Sumu yake hukamuliwa, kisha kiasi kidogo hudungwa farasi au kondoo kwa awamu, na kingamwili zinazojitokeza katika damu ya mnyama huyo husafishwa na kuwa dawa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Kwa hiyo chumba wanamotunzwa nyoka hao ni chanzo cha tiba, nacho chastahili uangalifu kama maabara.

Nyoka hupata joto lake kutoka katika mazingira. Akipoa mno hushindwa kusaga chakula na kinga yake hudhoofika. Akizidiwa na joto hufa upesi. Ndiyo sababu sanduku lake huwa na upande wa joto na upande wa ubaridi, ajichagulie mwenyewe. Taa nazo humtenganishia mchana na usiku. Kazi hizi zikifanywa kwa mkono, kusahau mara moja huleta madhara, na kila safari ya kwenda kuzima taa humkaribisha mtunzaji kwenye hatari.

Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, yaweza kubeba mzigo huo. Arduino Uno, kwa mfano, huunganishwa na saa yenye betri yake ili umeme ukikatika majira yasipotee, na kihisi joto kama DS18B20, na relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo kuwasha taa na hita. Programu yaweza kuagizwa hivi: joto likishuka chini ya nyuzi 28 za sentigredi, washa hita, likifika nyuzi 30, zima. Pengo hilo la nyuzi mbili huizuia relei isiwashe na kuzima mfululizo hata ikachakaa.

Hata hivyo, msomaji azingatie kwamba hatari kubwa hujificha katika kuharibika kwa kifaa. Waya wa kihisi hicho ukikatika, programu saidizi inayotumiwa sana kukisoma hurudisha namba hasi 127. Mashine isiyofunzwa itaiamini namba hiyo, itadhani kuna baridi kali, itawasha hita wala haitaizima. Kufikia asubuhi nyoka wote watakuwa wamekufa.

Kinga zake ni nne. Kwanza, programu ikatae namba zisizowezekana, izime hita na kupiga king'ora. Pili, relei iunganishwe kwa namna ambayo chipu ikizimika, hita nayo huzimika. Tatu, kipima muda cha ulinzi kilichomo ndani ya chipu kitumiwe, ili programu ikikwama ianzishwe upya yenyewe. Nne, kwa kuwa relei yaweza kunasa ikiwa imewasha, thamostati ya pekee isiyotegemea programu iwekwe katika njia ile ile ya umeme, ikate joto linapopita kiasi.

Kufuli za masanduku zisiachiwe mashine kamwe. Zibaki za mkono, na zifunguliwe palipo na watunzaji wawili. Nyaya za umeme mkubwa zifungwe na fundi mwenye sifa. Mtunzaji anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo kazi, kwani nyoka huweza kubeba vijidudu vya salmonela.

Mhudumu wa afya ambaye hatatunza nyoka maishani mwake ana funzo hapa. Jokofu la chanjo, linalopaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kitanda cha joto cha mtoto njiti hufanya kazi kwa kanuni ile ile. Kabla ya kukiamini kifaa cha namna hiyo, aulize: kihisi chake kikiharibika usiku huu, kitazidisha joto, kitazidisha baridi, au kitazima na kuniamsha?