Kamera Kongwe za Dijiti na Lenzi Teule: Somo la Nuru kwa Vitendo

Utangulizi

Kupiga picha ni kuiandikisha nuru. Fundi wa karne ya 19, aliyejifunika kitambaa cheusi nyuma ya kasha la mbao, na mwanafunzi wa leo mwenye simu mkononi, wote hutumia kanuni moja: nuru itokayo kwenye kitu hupita katika tundu, hukusanywa na lenzi, na huunda taswira iliyopinduka juu chini. Kanuni hiyo ilichunguzwa zamani sana. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuliingia, wala si kwa sababu jicho hutoa miale yake lenyewe.

Wahenga walisema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila mwaka viwanda hutoa kamera mpya, na matangazo humfanya mnunuzi aamini kwamba zilizotangulia hazifai tena. Kwa shule yenye fungu dogo la fedha, imani hiyo ina madhara. Ama fedha zote humalizwa kwa chombo kimoja, ama hakinunuliwi chombo chochote, na somo la nuru hubaki ubaoni. Michoro ya miale ikakaririwa na mwanafunzi ambaye hajapata kuiona taswira ikiundwa. Makala haya yanaeleza kwa nini kamera ya dijiti yenye umri wa miaka ipatayo 20, ikipewa lenzi iliyochaguliwa kwa busara, bado hutoa picha nzuri, humfurahisha mtumiaji wake, na hufaa kuwa maabara ndogo ya fizikia.

Kihisi-nuru: visima vya elektroni

Mahali pa filamu, kamera ya dijiti ina kipande cha silikoni kiitwacho kihisi-nuru. Uso wake umegawanywa katika visima vidogo mno, kila kimoja kikiwa pikseli moja ya picha. Fotoni, yaani kifungu kimoja cha nuru, ikiingia katika silikoni huweza kuibandua elektroni. Elektroni hizo hukusanyika kisimani, kisha huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo picha.

Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa maabara za Bell, Marekani, walibuni kihisi cha aina ya CCD, ambamo elektroni hupokezanwa kutoka kisima hadi kisima kama ndoo za maji katika mstari wa wazima moto. Kwa kazi hiyo walitunukiwa sehemu ya Nishani ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya kwanza ya dijiti ya kubebeka. Picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka uliofuata, Bryce Bayer wa kampuni hiyo hiyo alipata hataza ya njia ya kupata rangi: juu ya visima huwekwa vichujio vidogo, nusu vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu. Mpango huo ungali unatumika katika kamera nyingi za leo.

Ili kuelewa ubora wa kihisi, na ziwaziwe ndoo zilizopangwa uwanjani wakati wa manyunyu. Matone huanguka kwa bahati, kwa hiyo ndoo mbili zilizo jirani hazipati idadi sawa kabisa. Tofauti hiyo ya bahati hukaribia kipeuo cha pili cha idadi ya matone. Kisima kilichopata elektroni 10,000 kina mtetereko wa kiasi cha 100, ambayo ni asilimia 1. Kisima kilichopata elektroni 100 kina mtetereko wa kiasi cha 10, ambayo ni asilimia 10. Mtetereko huo ndio watu wauitao chenga katika picha. Basi adui mkubwa wa picha safi ni uhaba wa nuru, na umri wa kamera huja baadaye.

Mfano mzuri ni kamera za Nikon D70, ya mwaka 2004, na D40, ya mwaka 2006. Zote mbili zina kihisi cha CCD chenye upana wa milimita 23.7 na picha ya pikseli 3008 kwa 2000, yaani megapikseli 6 hivi. Ukigawanya 23.7 kwa 3008 utapata kwamba kila pikseli ina upana wa karibu mikromita 7.9. Katika simu za mkononi, upana wa pikseli kwa kawaida hauzidi mikromita 2. Kwa hiyo eneo la pikseli ya kamera hizo kongwe ni zaidi ya mara 15 ya eneo la pikseli ya simu. Simu hufidia upungufu huo kwa kuunganisha picha kadhaa kwa hesabu za kompyuta; kamera kongwe hutegemea nuru yenyewe.

Je, megapikseli 6 zatosha?

Jicho zima huweza kutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya kiasi cha dakika 1, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa sentimita 25, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.07 hivi. Picha ikichapishwa kwa pikseli 12 katika kila milimita, nafasi kati ya pikseli huwa milimita 0.08, karibu kabisa na mpaka wa uwezo wa jicho. Kwa kipimo hicho, picha ya pikseli 3008 kwa 2000 huchapishwa kwa upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 16.7 bila jicho kuona upungufu wa maana. Huo ni ukubwa unaotosha kwa gazeti la ukutani, kitabu cha shule, au picha ya familia.

Yafaa pia ieleweke kwamba kuongeza pikseli kutoka milioni 6 hadi milioni 24 hakuongezi urefu wa picha mara nne, bali mara mbili tu, kwa kuwa pikseli huenea katika eneo.

Wapo wapenzi wa kamera kongwe wanaodai kwamba CCD ina rangi tamu kuliko vihisi vya CMOS vilivyoshika nafasi yake baadaye. Dai hilo halina budi kupimwa kwa makini. Silikoni, iwe ya CCD au ya CMOS, huhesabu elektroni tu, wala haijui rangi. Rangi hutokana na vichujio vilivyo juu yake na hesabu zinazofanywa baadaye. Anayezipenda rangi za kamera fulani hakosei, lakini sababu yake haimo katika jina la kihisi.

Lenzi: mlango wa nuru

Maadamu nuru ndiyo mali, lenzi ndiyo mlango wake. Upana wa mlango huo huelezwa kwa namba-f, ambayo ni umbali wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la kipenyo cha milimita 25 ina namba-f ya 2, nayo huandikwa f/2. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, namba-f ikipunguzwa nusu, nuru huongezeka mara nne.

Kamera nyingi za aina hii ziliuzwa pamoja na lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi nyepesi, tena yafaa kwa majengo na mandhari, lakini ikivutwa hadi milimita 55 tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ya milimita 50 isiyovutika, yenye f/1.8, hupatikana mtumba kwa bei nafuu. Tofauti ya nuru kati ya f/1.8 na f/5.6 ni mraba wa 5.6 kwa 1.8, yaani karibu mara 9.7. Ndani ya chumba ambamo zumu huhitaji shata ifunguke kwa sehemu 1 ya 10 ya sekunde, lenzi hiyo huhitaji sehemu 1 ya 97 tu. Katika muda wa kwanza, mtoto anayecheka hutoka ukungu. Katika muda wa pili, kicheko chake huonekana wazi. Hakuna ongezeko la megapikseli liwezalo kuleta tofauti hiyo.

Hata hivyo tundu kubwa lina gharama yake: sehemu inayoonekana wazi, mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa, huwa nyembamba. Kwa picha ya uso hiyo ni faida, maana mandharinyuma hufifia na macho ya mtazamaji hubaki kwa mhusika. Kwa picha ya darasa zima ni hasara. Upande wa pili, tundu dogo mno nalo hudhuru, kwa sababu nuru hutawanyika ipitapo katika nafasi finyu. Kwa nuru ya kijani, nukta moja huvimba na kuwa kiduara cha kipenyo cha karibu mikromita 11 katika f/8, na karibu mikromita 30 katika f/22, ambayo ni upana wa pikseli nne hivi za D40. Ndiyo maana lenzi nyingi hutoa picha kali zaidi kati ya f/5.6 na f/8.

Katika kuchagua umbali wa fokasi, ukubwa wa kihisi uzingatiwe. Juu ya kihisi cha milimita 23.7, lenzi ya milimita 35 huona pembe ya digrii 37 hivi, karibu na ile iliyoonwa na lenzi ya milimita 50 katika kamera za filamu. Hufaa kwa shughuli za kila siku. Lenzi ya milimita 50 huona digrii 27, nayo hufaa kwa sura za watu.

Furaha ya mipaka

Lenzi isiyovutika humlazimisha mpiga picha kutembea: kusogea, kurudi nyuma, kuchutama. Katika kutembea huko huanza kuona. Hugundua kwamba uso wa mzee ukiangazwa na dirisha upande mmoja hupata kina ambacho jua la saa sita huufuta; kwamba nuru ya saa kumi na mbili asubuhi huchora kila mkunjo wa tanga na kila alama ya tezo ubavuni mwa jahazi. Kamera isiyofanya kila kitu humwachia mtu kazi ya kufikiri, na humo ndimo furaha ilimo.

Majaribio mawili

Jaribio la kwanza. Kamera itegemezwe imara mbele ya ubao usiobadilika nuru, ISO isibadilishwe. Ipigwe picha nne: f/2 kwa 1/400 ya sekunde, f/2.8 kwa 1/200, f/4 kwa 1/100, na f/5.6 kwa 1/50. Picha zote zitalingana kwa mwangaza. Wanafunzi waeleze sababu kwa kutumia eneo la duara.

Jaribio la pili. Rula ndefu au utepe wa kupimia ubandikwe ukutani, umbali wa mita 2 kutoka kwenye lenzi ya milimita 50. Kwa kanuni 1/f = 1/u + 1/v, umbali wa taswira v ni milimita 51.3, na ukuzaji v/u ni 0.0256. Kihisi cha milimita 23.7 kitaona basi upana wa 23.7 ÷ 0.0256, yaani sentimita 92 au 93. Picha ipigwe na upana usomwe. Tofauti ya sentimita chache ijadiliwe: lenzi halisi imeundwa kwa vioo kadhaa, nayo si nyembamba kama ile ya ubaoni.

Tahadhari: jua lisitazamwe kamwe kupitia kitazamio cha kamera, kwani lenzi huweza kuunguza jicho.

Kununua na kutunza

Kabla ya kununua, ipigwe picha ya anga kwa f/16. Vumbi lililo juu ya kihisi litaonekana kama madoa. Betri za zamani huchoka, hivyo upatikanaji wake uulizwe mapema. Kadi za SDHC zilianza mwaka 2006, na kamera nyingi za kabla ya hapo hazizisomi. Kishikio cha lenzi cha Nikon kilianza mwaka 1959, lakini si kila lenzi hufanya kazi zote kwa kila kamera: D40 haina mota ya kuzungusha fokasi ya lenzi kongwe, na baadhi ya lenzi za kabla ya 1977 huweza kuiharibu D70. Udhaifu mwingine usifichwe: katika giza, kamera hizi hutoa chenga nyingi kuliko za leo, na hizo mbili hazirekodi video.

Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, adui wa lenzi ni kuvu, ambayo huota juu ya kioo kwenye unyevu na giza. Lenzi ihifadhiwe katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na chembe za silika, na itumike mara kwa mara.

Hitimisho

Sheria za nuru hazichakai. Shule iliyopata kamera moja ya mtumba na lenzi moja njema imepata chombo cha kufundishia miale, duara, vipeo na bahati nasibu, na pia cha kuhifadhia sura za wazee wake kabla hawajaondoka. Kusubiri kamera mpya kabisa ni kuahirisha somo linaloweza kuanza leo.

Maswali

1. Tafuta kipenyo cha tundu la lenzi ya milimita 35 ikiwa katika f/2.
2. Picha ilipigwa sawasawa kwa f/8 na 1/200 ya sekunde. Ukifungua hadi f/4, shata iwe na muda gani?
3. Kisima kimepata elektroni 2,500. Mtetereko wake ni asilimia ngapi?
4. Lenzi ya milimita 35 ikitumika kwa umbali wa mita 3, D40 itaona upana gani?
5. Jadili: "Kamera mpya ni bora kuliko kamera kongwe." Taja hali ambazo kauli hii ni kweli na zile ambazo si kweli.