Lenzi Mbili Zinatosha: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Grande Barrière

1. Mwongozo huu ni wa nani

Umeandikwa kwa mpiga picha anayeishi kwa kamera yake kwenye Grande Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Gisenyi (Rwanda) na Goma (Kongo): wa harusi za ufukweni, wa miradi ya mashirika, wa habari, na wa watalii wa Ziwa Kivu. Unahusu kamera ndogo zisizo na kioo cha kuakisi, zile zinazobadilishwa lenzi. Msingi wake ni mmoja: mpakani, lenzi huonekana kabla ya mwenyewe. Afisa, mchuuzi na abiria huanza kuitazama hiyo, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo wanavyokutilia shaka. Chagua basi lenzi kwa kazi na mahali, si kwa sifa za dukani.

2. Ruhusa kwanza

a) Usielekeze lenzi kwenye vizuizi, ofisi za uhamiaji na forodha, au askari, bila kibali cha maandishi. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vya Goma vilipofika karibu na mpaka, risasi na makombora yalivuka mpaka na kuua raia upande wa Rubavu, wilaya ya Gisenyi. Mlinzi anayekuuliza maswali ana sababu. Mjibu kwa utulivu.

b) Ukiwa na kibali, jitambulishe kwa mkuu wa zamu kamera ikiwa bado begini.

c) Tangu Oktoba 2021 Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Kwa picha ya biashara au ya shirika, pata ridhaa ya maandishi ya anayepigwa picha.

d) Kabla ya kuvuka, andika orodha ya vifaa pamoja na namba iliyochapwa kwenye kila lenzi, uiombee mhuri wa forodha. Wakati wa kurudi hutahangaika kuthibitisha kwamba mali ni yako na haikununuliwa ng'ambo.

3. Soma milimita kwa kihisi chako

Namba iliyo kwenye lenzi haitoshi. Upana wa picha hutegemea pia ukubwa wa kihisi. Kihisi cha Micro Four Thirds, kilichoanzishwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, kina upana wa milimita 17.3. Kwake, zidisha milimita za lenzi kwa 2 upate ulinganifu na kihisi kikubwa cha milimita 36. Kwa kihisi cha APS-C cha Sony, Fujifilm au Nikon, zidisha kwa 1.5, cha Canon, kwa 1.6.

Mfano: ukisimama mita 3 kutoka kwa mama mwenye beseni la samaki, lenzi ya milimita 25 kwenye Micro Four Thirds inachukua upana wa mita 2 na kidogo. Anaenea yeye, beseni lake na mteja anayeulizia bei. Ya milimita 75 hapohapo inachukua sentimita 70 tu: uso na mabega, soko limepotea.

Vipimo vinavyofuata ni vya Micro Four Thirds. Mwenye kihisi kingine abadilishe kwa hesabu hiyo.

4. Lenzi mbili za kubeba

Ya kwanza ni ile iliyokuja na kamera, aghalabu ya kuvuta kutoka milimita 14 hadi 42. Itumie mchana: kundi la harusi, jengo la mradi, mandhari ya ziwa. Hata mlima wa volkano wa Nyiragongo, ulio kaskazini kwa takriban kilomita 20 na wenye mita 3,470, unaifaa. Kwenye milimita 42 mlima hujaza karibu theluthi ya kimo cha picha iliyolala. Nenda alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika.

Ya pili ni ya milimita 25 isiyovuta, yenye tundu la f/1.8. Jioni ndipo thamani yake inapoonekana: f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, ambayo ndiyo kikomo cha ile ya kwanza ikivutwa hadi mwisho. Kwa watu wanaotembea, weka shata 1/125 ya sekunde au kasi zaidi. Kidhibiti mtikisiko cha ndani ya kamera hutuliza mkono wako, hakimsimamishi mpita njia.

Pangilia kazi kwa jua. Goma iko magharibi, kwa hiyo anayetoka huko asubuhi kuja Gisenyi ana jua usoni, na akirudi jioni analo usoni tena. Nyuso hizo hazihitaji taa. Mkazi wa Gisenyi anayekwenda Goma asubuhi amelipa jua mgongo. Kwake ongeza mwanga kidogo kwenye mipangilio, la sivyo uso utatoka mweusi. Saa sita mchana jua liko utosini, na kila kofia hufunika macho kwa kivuli: mwombe mtu asogee chini ya mti.

5. Kubadilisha lenzi

Kamera hizi hazina kioo cha kuakisi mbele ya kihisi, na vumbi la makoro, yale mawe meusi ya volkano, lina ncha kali. Fuata utaratibu huu:

a) Zima kamera, upe upepo mgongo.
b) Legeza kifuniko cha nyuma cha lenzi mpya kabla hujagusa ya zamani.
c) Inamisha mdomo wa kamera chini, toa, weka, sikiliza mlio wa kufunga.
d) Vumbi likiingia, tumia kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo: mate ni mabaya kuliko vumbi.

6. Lenzi kuukuu

Lenzi za kamera za filamu hufaa kwa kutumia adapta. Lenzi ya Canon EF huhitaji milimita 44 hadi kwenye kihisi. Micro Four Thirds ina 19.25, na pengo hilo la milimita 24.75 ndilo unene wa adapta. Ukiwa na lenzi ya zamani ya mkono, unalenga na kuzungusha tundu mwenyewe. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi: nyuzi nyeupe ndani ni ukungu, iache.

7. Mvua

Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba, manyunyu huja bila hodi. Usitegemee mfuko wa plastiki kufunika kamera: Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na huchukuliwa mpakani. Beba kifuniko cha kitambaa kisichopitisha maji.

8. Kabla ya kununua ya tatu

Kamera huhifadhi milimita za kila picha. Fungua kazi zako zilizolipwa za miezi mitatu, uhesabu ni ngapi zimegota kwenye milimita 42, mwisho wa lenzi ya kwanza. Zikiwa chache, huhitaji lenzi ndefu zaidi: fedha ya lenzi ya tatu inunulie betri ya akiba.