SOMO KWA WACHIMBAJI WADOGO: Kutega Slusi Ili Dhahabu Laini Isiende na Maji

Katika machimbo ya Nyatike, Suna Magharibi na Kuria Magharibi, mwamba hupasuliwa chini ya ardhi, huvutwa juu kwa kamba, hupondwa, kisha husagwa kinuni hadi uwe unga. Kazi yote hiyo huishia kwenye sanduku moja refu la mbao lililotandikwa zulia, yaani slusi. Slusi ikitegwa vibaya, jasho la wiki nzima hupita juu ya zulia na kutumbukia shimoni pamoja na tope. Baadaye mabaki hayo huuzwa kwa bei ya chini kwa wenye matangi ya sayanidi, nao hutoa ndani yake dhahabu ambayo mchimbaji mwenyewe hakuiona.

Kikundi kinachopoteza nusu gramu kwa siku hukuwa kimepoteza gramu 10 baada ya siku 20 za kazi. Sehemu kubwa ya hasara ya namna hii inaweza kuzuiwa bila kununua mashine mpya.

Kwa nini dhahabu laini hupotea

Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji. Mchanga wa kawaida ni mzito mara 2.6 hivi, na mchanga mweusi unaovutwa na sumaku ni mzito mara 5 hivi. Kwa sababu hiyo punje ya dhahabu huzama haraka kuliko punje ya mchanga iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Lakini dhahabu iliyosagwa ikawa kama unga, au ikapondeka ikawa bapa kama ganda la samaki, huchelewa kuzama. Maji yakiwa na kasi, huibeba hadi mwisho wa sanduku kabla haijagusa zulia.

Mambo matatu huongeza hasara hiyo. La kwanza ni kuchanganya punje kubwa na ndogo: maji yenye nguvu ya kusukuma kokoto yana nguvu ya kuondoa dhahabu laini pia. La pili ni udongo wa mfinyanzi, ambao hufanya maji yawe mazito na kuziba manyoya ya zulia. La tatu ni mafuta. Oili ya pampu au ya kinu ikiingia majini, dhahabu laini huelea juu kama vumbi.

Kutayarisha mchanga

Mchanga uliosagwa upitishwe kwanza kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 1 hivi. Kinachobaki juu ya chekeche kirudishwe kinuni, kwa kuwa huenda dhahabu yake bado imefungwa ndani ya jiwe. Mchanga wenye udongo mwingi ulowekwe kwenye pipa na kukorogwa hadi mabonge yote yayeyuke. Pakiwa na dalili ya mafuta, matone machache ya sabuni ya maji husaidia dhahabu kuzama, na pampu inayovuja irekebishwe.

Kutega sanduku, hatua kwa hatua

1. Sanduku la urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 40 hivi linatosha kwa kikundi kidogo. Sakafu yake iwe laini na isiyopinda, na likae juu ya nguzo zisizotikisika.

2. Sanduku lipimwe kwa pima maji ya fundi upande wa kushoto na wa kulia. Likilala upande mmoja, maji yote hukimbilia huko na nusu ya zulia hukaa bure.

3. Mwinamo uanze na sentimita 10 kwa kila mita 1, yaani sanduku la mita 2 lishuke sentimita 20 toka kichwa hadi mkia. Mchanga ukirundikana juu ya zulia, kichwa kiinuliwe sentimita 2 na kujaribiwa tena. Kwa dhahabu laini, mwinamo usizidi sentimita 18 kwa mita.

4. Zulia liwe lenye manyoya mafupi na magumu, lilale bapa bila mikunjo wala mifuko ya hewa. Vipande vitatu vifupi ni bora kuliko kipande kimoja kirefu, kwa sababu cha kwanza kinaweza kuoshwa mara nyingi bila kuvigusa vingine. Vibao virefu vya kukingama vinafaa kokoto za mtoni. Kwa unga wa kinuni huleta mawimbi yanayoinua dhahabu.

5. Maji yasimwagwe moja kwa moja juu ya zulia. Yaangukie kwanza kwenye ndoo au kisanduku kilicho kichwani, kisha yamwagike kwa upana wote, yakiwa membamba na bila kurukaruka.

6. Mchanga uingizwe kidogo kidogo na kwa mwendo mmoja. Kwa kila ndoo 1 ya mchanga, maji yawe ndoo 8 hadi 10. Kumwaga beseni zima kwa mpigo huzika zulia, na dhahabu inayofuata hupita juu kwa juu.

7. Kipande cha kwanza kioshwe kila saa moja, au mapema zaidi manyoya yakianza kufunikwa. Zulia lililojaa halishiki tena. Kabla ya kulitoa, mchanga usimamishwe kwanza, kisha maji; lioshwe taratibu ndani ya pipa safi.

Kujua kama slusi inashika

Vipande vitatu vya zulia vioshwe kila kimoja kwenye beseni lake, kisha kila beseni lipepetwe kwa karai. Dhahabu nyingi ikiwa katika kipande cha kwanza na cha tatu kikawa karibu kitupu, slusi imetegwa vyema. Cha tatu kikiwa na dhahabu ya kuonekana, nyingine imekwisha kutoroka: maji yapunguzwe, au mwinamo ushushwe, au mchanga uingizwe polepole. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ijulikane kilichosaidia. Ndoo moja ya mabaki ipepetwe pia kila siku kabla ya kazi kufungwa.

Zebaki haitibu slusi mbovu

Wengine huona dhahabu ikipotea, wakaongeza zebaki kwenye mchanga wote. Zebaki ikikorogwa na mchanga mwingi hukatika vipande vidogo sana, ikasombwa na maji huku imeshika dhahabu. Mchimbaji hupoteza vyote viwili. Mabaki hayo yakipelekwa kwenye sayanidi bila zebaki kuondolewa kwanza, sumu huyeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi.

Moshi wa zebaki hudhuru ubongo na figo, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Jambo hili linawagusa hasa akina mama, ambao ndio wengi kwenye kazi ya kuosha, na watoto pale zebaki inapochomwa jikoni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unataka nchi zikomeshe kukoroga zebaki na mchanga wote, kuichoma wazi, na kuichoma katika makazi ya watu.

Slusi iliyotegwa vyema hupunguza haja ya zebaki. Mchanga mzito uliokusanywa hupepetwa tena, mchanga mweusi huondolewa kwa sumaku iliyofungwa karatasi ya nailoni, na kinachobaki kinaweza kuyeyushwa kwa boraksi. Wachimbaji wadogo wa Ufilipino wametumia boraksi kwa zaidi ya miaka 30.

Maji, mto na kibali

Slusi isitegwe kando ya mto wala kisima. Maji yake yapitie vidimbwi viwili au vitatu vya kutulizia tope, kisha yarudishwe kazini. Mabaki yawekwe mahali pamoja palipozungushiwa ukingo, mbali na malisho ya mifugo.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatambua uchimbaji mdogo, inahitaji kibali, na inaweka kamati ya wachimbaji wadogo katika kila kaunti. Vikundi ambavyo havijasajiliwa vinahimizwa kufika katika ofisi ya madini iliyo ndani ya kaunti ili vielezwe utaratibu wa kupata kibali.